Gati Ulilolichora Bila Kuuona Mto Umekonda

Nyumba ya mwisho, njia ya mtoni,
Alhamisi, kiangazi, siku ya tano tangu mkaguzi aondoke.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo uliyenikimbia,

Salamu zinakuja, lakini kwanza nikuseme. Miaka sita. Mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki uliyoondoka ameshang'oka meno ya mbele na yameota mengine. Unapiga simu, sikatai. Sauti yako inakuja, inakaa nami dakika tatu, inasema mtandao unasumbua, inaondoka. Sauti haina mikono ya kunishikia kamba ya mtumbwi wala haina mgongo wa kumbebea bibi yako mdogo. Nimechoka kuishi na sauti.

Haya. Hujambo? Mke mwenzangu hajambo? Mwambie bado sijamsamehe kwa kukuchukua, ila namwombea afya kila siku, maana akiugua utarudishwa kwangu na sina nguvu ya kukufulia. Na wale mapacha ninaowajua kwa picha, wanaogelea, au mmewazoesha kuoga kwa kopo tu? Lile tumbo lako la vidonda linaendeleaje? Unakula kwa saa, au bado unakunywa chai tupu na kuiita chakula cha mchana?

Mimi ni mzima. Magoti yananung'unika asubuhi, nikishika makasia yananyamaza. Jicho la kushoto limeingia ukungu, la kulia linaona kwa niaba ya yote mawili. Bibi yako mdogo, huyu mdogo wangu wa tumbo moja, si mzima, na ndiyo sababu ya karatasi hizi.

Anayeandika ni fundi cherehani wa nyumba ya pili, maana unajua shule mimi niliipita kwa nje, mzigo kichwani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipigie pasi maneno. Amekubali, ingawa nimeona mara mbili ameshusha kalamu na kunitazama.

Sasa sikiliza. Nakukasirikia, na ninajikasirikia, na ofisi ya mji naikasirikia kuliko sote wawili. Nitaanza mwanzo ili usije ukasema hukuelewa.

Mwaka jana karani wa miwani, yule wa ofisi ya mji, alikuja nyumbani na faili lake. Alikaa kwenye kigoda changu cha kusafishia samaki, sikumwambia, akaeleza kwamba kuna mfuko mbali huko unaotoa ruzuku. Si mkopo, ruzuku. Mji wowote utakaowafungulia watu wasio na injini njia ya kufika majini utapewa fedha za kujenga. Watu wa makasia, watu wa pondo, wenye mitumbwi na vijiboti vyao, wote wapite, bila kulipa mlangoni. Nilimwambia arudie. Miaka arobaini na mbili navusha watu kwa mikono hii, sijawahi kusikia mtu mwenye tai akitamka neno kasia.

Alisema mfuko unataka vitu viwili: alama za vidole za watumiaji kuonyesha wamekubali, na mchoro. Vidole tulikuwa navyo. Mchoro ndio uliokuwa shida, kwa sababu ofisi haikuwa na mchoraji wa kufanya kazi kabla ya fedha kuingia. Mdomo wangu huu ukaruka wenyewe. "Mjukuu wangu anachora," nikamwambia. "Anachora mabenki, na vyoo vya mabenki."

Nikakupigia. Ukafurahi, nikakusikia ukifurahi. Ukaniuliza, "Bibi, maji yanafika wapi?" Nikakujibu yanafika kwenye jiwe la kufulia. Nilijua jiwe hilo unalijua, ulivunjia jino hapo. Ukasema basi imetosha, hilo jiwe unaliona mbele ya macho yako, huna haja ya kusafiri.

Hapo ndipo tulipoharibu, mimi na wewe, kwa maneno machache. Mama yako alikuwa akikuleta likizo ile ndefu ya shule, kila mwaka, na likizo ile huangukia mvua. Mto unaoujua wewe umeshiba, umefika jiwe la kufulia, unagonga mlango. Hukuwahi kuuona umekonda. Shule zikifungua unarudi mjini, mvua zinakatika, maji yanashuka, na wewe hupo. Hukuniuliza yanashuka mpaka wapi. Mimi nami ningekwambia, lakini nilikuwa nimeshaanza kutangaza sokoni kwamba mji mzima utapanda boti kwenye mchoro wako.

Gati likajengwa. Nisikufiche, ni zuri. Zege laini kama kaunta ya duka la dawa, vyuma vya kushikia vimepakwa buluu, bango lenye kasia kubwa la kuchorwa. Karani alinisomea bango: karibuni wote mnaoendesha kwa mikono. Nililia kidogo.

Na kuna jambo sikukwambia. Siku walipokuwa wakimwaga zege, mimi nilimwendea msimamizi wa mafundi. Nikamwambia, "Baba, hapa juu sana. Kiangazi maji yako kule chini, penye yale mawe meusi." Yule bwana hakunitukana. Alifunua mchoro, akaweka kidole kwenye kona, akasema, "Bibi, mimi nafuata hii. Na hili jina hapa ni la nani?"

Lilikuwa jina lako, limepigwa chapa, na muhuri wa serikali pembeni.

Nikanyamaza. Mimi, ambaye hata kwenye mazishi huombwa nipunguze sauti, nilinyamaza kwa sababu ya jina lako kwenye karatasi. Nikajiambia huenda wewe na elimu yako mna hesabu nisiyoijua. Nikarudi nyumbani nikachambua mboga.

Siku ya ufunguzi mto ulikuwa umejaa. Mtumbwi wangu uliteleza ukakaa ubavuni mwa gati sawasawa, kama sahani mezani. Mwenyekiti wa mji alipanda, nikamzungusha mara moja, akashuka kwa hatua moja bila kulowa. Wakapiga picha. Wakazipeleka kwa wafadhili. Wiki hiyo hiyo wakazungushia seng'enge mteremko wetu wa zamani, ule wa udongo, ule uliojifunzia kuogelea, ili sote tutumie kituo kipya. Hakuna aliyelalamika. Nani ang'ang'anie matope na zege lipo?

Kisha mvua zikakatika, na mto ukaanza kufunga mkanda.

Kila wiki gati lilikuwa likipanda. Najua halikupanda, lakini ukiwa ndani ya mtumbwi ndivyo unavyoliona. Wiki ya kwanza kiunoni. Wiki ya tatu kifuani. Bibi yako mdogo, kama unakumbuka, ana sukari, na ana kidonda cha mguu kinachosafishwa mara tatu kwa wiki kwenye zahanati ya ng'ambo. Kwa gari mpaka darajani na kurudi ni siku nzima, na nauli ni ya watu wengine. Mimi ndiye gari lake. Kwa mteremko wa zamani alikuwa anatembea mwenyewe mpaka majini, anainua gauni, anakaa, tunakwenda tukisengenya.

Siku gati lilipofika kifuani tulishuka kwa yeye kukaa ukingoni na kujiachia, nikampokea kama gunia la mkaa. Tukacheka. Kurudi ndiko kulikotushinda. Alisimama juu ya kibao cha kukalia, akashika chuma cha buluu, na mtumbwi ukaponyoka chini ya miguu yake. Akabaki ananing'inia kama nguo iliyoanikwa. Kulikuwa na boti za injini zimefungwa kwenye gati lao upande wa juu, na yule tunayemwita Moshi, kwa ajili ya injini yake, akapaza sauti, "Mabibi, njooni kwangu, nina ngazi ya chuma. Ila kwangu kuna nauli." Nilipomrudishia mtumbwi chini yake alishaachia. Aliangukia mguu ule ule. Bandeji ilichanika, na nilichokiona ndani yake sikutaka kukiona.

Nilipiga makasia mpaka nyuma ya kiwanda cha ngozi, huko ndiko pekee ufuko umebaki wazi, na muuza maziwa akamleta nyumbani kwa mkokoteni wake katikati ya madebe. Tangu siku hiyo bibi yako mdogo hakuvuka tena; kiwandani ni mbali kwa mguu wake, na mkokoteni si wa kila siku. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimsafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi. Chumba kikaanza kunuka, na yeye akaanza kuchoma udi akijifanya ameupenda udi uzeeni.

Mimi nikawa nashuka kwa kamba ya ndoo niliyoifunga kwenye vyuma vyako vya buluu. Nina miaka sabini na minne. Watu walikuwa wakinitazama wakipita.

Nikaenda ofisini. Nilikaa kwenye benchi la ukutani toka asubuhi mpaka walipokunywa chai mara ya pili. Karani wa miwani alinipokea vizuri, akafunga mlango, nami nikajua tayari. Mlango wa ofisi haufungwi kwa habari njema.

"Bibi," akasema, "Jumamosi anakuja mkaguzi wa wale wafadhili. Akiridhika, fungu la mwisho linatoka, na tumemaliza."

"Na asiporidhika?"

"Wataandika kosa ni la mchoro." Akavua miwani, akaifuta. "Na mchoro ni wa nani, bibi? Kijana wa watu ndio kwanza anajijenga. Jambo kama hili likiandikwa, litamfuata kila anapoomba kazi. Subiri mvua. Miezi michache tu, maji yatapanda."

"Na kidonda nacho nikiambie kisubiri mvua?"

Nikamwambia kigoda alichokalia siku ile kwangu kilikuwa cha kusafishia samaki, nikatoka.

Lakini alikuwa amenishika pabaya, na alijua. Siku mbili sikula vizuri. Nilimweleza bibi yako mdogo, na yule mpumbavu, mguu wake uko juu ya blanketi lililokunjwa, unatoa harufu, aliniambia, "Nyamaza, dada. Miguu ninayo miwili. Mtoto yule tunaye mmoja."

Hilo ndilo lililoniamsha. Nilimtukana kwa hasira mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mtu alikuwa tayari kukatwa mguu ili jina lako libaki safi kwenye kona ya karatasi, na wewe hujui hata kama mguu unauma. Nataka ukae na jambo hilo kidogo kabla hujaendelea kusoma. Fundi cherehani ameniomba tulifute. Nimekataa.

Jumamosi mkaguzi akaja. Mwanamke wa makamo, nywele fupi, begi la ngozi, hana majivuno. Mwenyekiti anamshikia mwavuli wa jua. Alihesabu vyuma, akapima upana wa zege, akapiga picha bango, akaandika. Mimi nilikuwa chini kabisa ndani ya mtumbwi, na ukingo wa gati wakati huo ulishapita utosi wangu. Hawakuniona. Niliwaacha wamalize, kisha nikasema, si kwa kelele, "Mama, umepima kila kitu isipokuwa maji."

Kichwa chake kikachungulia.

"Shikamoo, bibi. Mbona uko chini hivyo?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi niko pale wenye makasia wanapokaa. Hicho unachokikanyaga kimejengwa kwa ajili yangu. Njoo ukijaribu kutoka huku."

Nikamsikia karani akikohoa. Mwenyekiti akasema ratiba ni finyu. Mkaguzi akasema ratiba ni yake. Ikabidi apitie gati la boti za injini, ambalo sisi haturuhusiwi kufunga mitumbwi, lakini yeye ana kitambulisho shingoni, kwa hiyo Moshi mwenyewe alimfutia ngazi kwa shati lake. Nikampokea, nikampiga makasia mpaka chini ya zege lako.

Alisimama. Akanyoosha mikono, vidole vikafika ukingoni. Akajivuta, mtumbwi ukasogea, akarudi kukaa kwa kishindo. Akajaribu tena. Mara ya tatu alifika viwiko, kiatu kimoja kikamtoka kikaanguka mtoni na kuondoka na maji taratibu, kama mtu asiye na haraka. Nilicheka peke yangu, Mungu anisamehe. Moshi akawasha injini kukifuata kiatu.

Alikaa kwenye kibao, soksi imelowa, akatazama ile kamba yangu ya ndoo. Akaniuliza, "Huku ndiko unakopandia wewe?" Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza na habari ya mguu. Akauliza, "Mchoro ni wa nani?"

Nilitazama juu. Mwenyekiti alikuwa anakagua mawingu, na hapakuwa na wingu. Karani alikuwa ananitazama mimi.

Nikasema, "Wa mjukuu wangu. Anachora vizuri, ila mto huu anaujua ukiwa umejaa tu, na hakuja kuutazama. Mimi niliona kosa likimwagwa zege, nikanyamaza kwa sababu nilipenda jina lake. Andika yote mawili."

Ameandika. Nimekutaja, mume wangu. Nimekutaja kwa kinywa changu mbele ya watu, na ningekutaja tena kesho. Kama umekasirika, kasirika, lakini kasirika ukiwa umesimama mbele yangu, nikuone.

Haya ndiyo aliyoyaamua. Seng'enge ikatwe ndani ya wiki hiyo, mteremko wa zamani ubaki wazi. Fungu la mwisho lisitoke mpaka gati liongezewe ngazi za kushuka hadi penye mawe meusi, ili mtu afike majini mwezi wowote. Na kuhusu mchoro, alimwambia mwenyekiti kwamba mchoraji aliyekosea anaweza kurekebisha, kwa sharti moja: apime hapa hapa, kwa mikono yake, maji yakiwa chini. Mvua zikianza kabla hujafika, watamtafuta mwingine, na kwenye karatasi litabaki lile kosa na jina lako chini yake. Barua yao itakufikia. Yangu nimetaka itangulie.

Seng'enge imekatwa jana. Niliketi nikawatazama wakiikata, nilitaka kuhakikisha hawabakizi. Leo asubuhi bibi yako mdogo amevuka. Ameshuka mteremko akiniegemea, hatukusengenya mtu. Muuguzi alifungua kile kitambaa, akanikaripia kana kwamba mimi ndiye serikali, na nilistahili. Mguu wanasema utabaki. Kidole kimoja hawana uhakika nacho, watajua wiki ijayo.

Moshi anasema hutakuja. Kasema sokoni, mbele ya wauza mboga wote, kwamba watu wa mjini huja wakiitwa kwenye sifa, wakiitwa kwenye makosa wana kazi nyingi. Kiatu cha mkaguzi alikipata, akakirudisha hakina maji, nikaona nimwachie neno hilo moja.

Msalimie mke mwenzangu, mwambie asikuzuie. Wabusu mapacha kwenye paji la uso, mmoja mmoja, usiwachanganye. Msalimie mama yako ukimwona, mwambie namdai kunitembelea tangu zamani kuliko wewe. Bibi yako mdogo anakusalimu, na amesema nikuambie hakusema lile neno la miguu miwili. Alilisema. Fundi cherehani anakusalimu pia, anasema mkono umemwuma. Mungu akulinde njiani, akulainishie moyo wa bosi wako akupe ruhusa, na akuweke mzima mpaka nikumalizie kukugombeza.

Ukija, usije kwa barabara mpaka mlangoni kama mgeni. Shukia ng'ambo, penye zahanati, teremka mpaka majini, piga mluzi ule wa utotoni. Nitakuja kukuchukua. Usilete kitenge wala sukari, leta futi ya kupimia na viatu usivyovipenda. Nitakupeleka moja kwa moja chini ya gati lako, nitaweka makasia ndani, nitakunja mikono, na utapanda.

Bibi yako, anayekupenda hata akiwa amekunja ngumi.